Grili ya Pikapu Si Geti la Boma



Ukisimama asubuhi pale Rongo, mahali ambapo barabara itokayo Homa Bay huikuta barabara kuu ya Migori na Kisii, utaona pikapu nyingi zikipita na mali za watu. Nyingine zimebeba omena kutoka Mbita na Sindo, nyingine mahindi kutoka upande wa Kuria, nyingine mbolea na mabati. Zitazame nyuso zake. Nyingi hazina tena grili ya kiwandani. Moja ina pengo kama jino lililong'oka, na rejeta yake iko wazi. Ya pili imefungwa wavu wa kuku. Ya tatu imewekewa vyuma vinene vya kusimama na vya kulala, vimepakwa rangi nyeusi, na juu kuna ncha kama za mikuki kwenye geti la tajiri.

Gazeti hili halimlaumu mtu ajitengenezeaye grili. Tunamsifu. Grili za magari ya siku hizi ni za plastiki, nazo huvunjika upesi. Jiwe moja la murram, au mbuzi mmoja avukaye bila kutazama, na kazi imekwisha. Mara nyingi hata si grili yenyewe iliyovunjika, ni vile vishikizo vyake vidogo tu, lakini dukani hawauzi vishikizo, wanauza grili nzima. Mkulima mwenye kipande cha chuma, msumeno na subira ya siku moja anaweza kujiepusha na gharama hiyo. Neno letu la leo ni moja tu. Wengi wetu tunatengeneza geti, tukidhani tumetengeneza grili.

Nadhani kosa linaanzia kwenye jina. Mafundi wetu wa jua kali, wa Migori, wa Homa Bay, wa Oyugis, hutumia neno "grili" kwa vyuma vya dirishani na kwa ule wavu wa mbele ya gari vilevile. Fundi amezoea madirisha na mageti. Kwa wiki moja huenda akachomelea madirisha ishirini, lakini grili ya gari huipata mara moja kwa miezi mingi. Basi mwenye pikapu akifika na kusema, "Nitengenezee grili," mikono ya fundi hufanya ile kazi inayoijua. Huweka chuma kinene, nafasi ndogo, na maua katikati. Lakini kazi ya dirisha ni kuzuia kitu kisiingie, na kazi ya grili ya gari ni kuingiza kitu ndani. Kitu hicho ni hewa.

Injini hugeuza sehemu ya moto wa mafuta iwe nguvu ya kusukuma magurudumu. Sehemu nyingine hutoka na moshi kwa bomba la nyuma. Karibu theluthi moja ya joto huingia katika maji yazungukayo ndani ya injini, na maji hayo hupelekwa kwenye rejeta ili yapozwe na hewa inayopita. Hewa hiyo inapitia grilini. Ukiiziba grili, umeiziba injini pua.

Watu husema, "Mbona gari langu lina grili ya vyuma vinene na halijachemka?" Ni kwa sababu linakwenda penye tambarare. Ukitoka Migori kwenda Awendo kwa mwendo mzuri, upepo wa safari wenyewe husukuma hewa ya kutosha hata katika tundu dogo. Mlimani mambo hubadilika. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Mtu apelekaye samaki kutoka ufukoni hadi soko la Kisii anapandisha mzigo wake zaidi ya nusu kilomita kwenda juu. Gari linakwenda polepole kwa gia ndogo, injini inafanya kazi ya nguvu zake zote, na upepo wa safari haupo. Hapo kila kitu kinategemea feni ivute hewa kupitia grili, na chuma ambacho hakikuwa na madhara kule tambarare sasa kinainyima injini pumzi.

Tena kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Maji huchemka upesi zaidi kadiri mtu apandavyo. Kule pwani ya bahari huchemka kwa digrii 100. Hapa kando ya ziwa letu ni karibu digrii 96, na Kisii ni karibu digrii 94. Kifuniko cha rejeta chenye springi ndicho kinachotusaidia, kwa kuwa hukandamiza maji yasichemke mapema. Kikiwa kibovu, au mtu amekibadili kwa kifuniko cha kubahatisha, gari litachemka juu hata kama grili ni nzuri. Basi kabla ya kuilaumu grili, kitazame kifuniko kwanza.

Niliwahi kukuta pikapu imesimama penye mpando wa kutoka Homa Bay, boneti wazi, mvuke unapanda kama wa chungu. Nyuma kulikuwa na ngara ambao barafu yao ilikuwa ikiyeyuka, na mama mwenye samaki amekaa juu ya jiwe akitazama saa yake. Mbele ya gari kulikuwa na chuma bapa kumi na sita, zimesimama bega kwa bega, kazi safi kabisa ya mikono. Dereva aliimwagia rejeta maji ya mtaro kwa kopo. Alisema injini imezeeka. Mimi niliiona ile safu ya vyuma nikaona kwamba ukiweka kiganja kati ya chuma na chuma hakipiti hata kidole gumba. Samaki wale hawakufika sokoni wakiwa samaki wa kuuzwa kwa bei.

Na samaki ni hasara ndogo. Injini ikichemka mara nyingi, silinda hedi hupinda na gasketi yake huungua. Matengenezo ya namna hiyo yanaweza kumeza mapato ya mavuno mazima ya viazi.

Sasa tupige hesabu kidogo. Chukua chuma bapa cha upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, ambacho duka lolote la vifaa vya ujenzi huuza. Fundi wa madirisha hukiweka ubapa ukitazama mbele, akaacha nafasi ya milimita 25, kisha kingine. Nusu ya mlango wa hewa imezibwa. Sasa kigeuze chuma kilekile kisimame kwa ukingo, ule unene wa milimita 3 ndio utazame mbele, na nafasi iwe milimita 25 kama kwanza. Umeziba milimita 3 katika kila 28, yaani karibu sehemu moja katika tisa. Chuma ni kilekile, na jiwe la murram litazuiwa vilevile. Tena chuma kikisimama kwa ukingo kina nguvu zaidi dhidi ya kitu kigongacho kutoka mbele, kama ubao wa dari unavyobeba zaidi ukisimamishwa kuliko ukilazwa. Kila seremala anajua habari hiyo.

Kama ningepewa ruhusa ya kumwambia kila fundi wa wilaya zetu za zamani za South Nyanza neno moja tu, ningemwambia, "Geuza chuma."

Kuna wale watakaosema kwamba hawataki grili ya kupitisha hewa tu, wanataka ngao. Wanataka mabomba makubwa yaliyofungwa kwenye chesisi, ili wakigonga ng'ombe, ng'ombe ndiye aumie. Naelewa tamaa hiyo ilikotoka. Wazee wetu waliyaona mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968, na magari mengi ya mashindano yale yalikuwa na vyuma vya kuzuia wanyama mbele. Tangu hapo chuma cha mbele kimekuwa alama ya dereva hodari. Lakini gari la mashindano lilikuwa likikimbia porini usiku penye nyati, na mafundi wake walilingoja vituoni wakiwa na maji na vipuri. Pikapu yako inapita katikati ya soko la Ndhiwa saa nne asubuhi.

Australia, nchi ambayo vyuma hivi vilipendwa sana kwa ajili ya kangaruu, ina maili nyingi zisizo na mtu barabarani. Ulaya waliangalia nani hasa anayegongwa mijini kwao, na mwaka 2005 wakatoa sheria ya kwamba ngao ya mbele sharti ipimwe kwanza, kuona kama haizidishi madhara kwa mwenda kwa miguu. Vile vyuma vigumu vya zamani vikaanza kutoweka kwenye magari yao mapya. Hapa kwetu, katika hesabu za vifo vya barabarani, kundi la kwanza mwaka baada ya mwaka ni la waendao kwa miguu. Boneti na bampa ya kisasa hubonyea kidogo, na kule kubonyea huenda kukaokoa mguu au kichwa cha mtoto. Bomba la inchi mbili halibonyei. Mtoto wa shule avukaye pale Oyugis ana kimo ambacho chuma cha juu cha ngao kinamfikia kifuani au usoni.

Hata wewe dereva hulindwi kama unavyodhani. Mbele ya gari la kisasa imeundwa ijikunje polepole na kula nguvu ya pigo kabla halijakufikia. Ngao iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi hupitisha pigo lote, tena inaweza kuzivuruga hesabu za mfuko wa hewa ulio katika usukani, ukafunguka kwa wakati usiofaa. Na uzito je? Mita nane za bomba la inchi mbili lenye unene wa milimita 3 ni kilo 28 hivi, karibu madebe mawili ya mahindi, yanayoning'inia mbele ya ekseli siku zote, hata wakati huna mzigo. Springi na mipira ya mbele hulipa gharama hiyo.

Basi shauri letu ni grili nyepesi, ndani ya nafasi ileile ya grili ya kwanza, isiyotokeza mbele ya bampa hata kidogo.

Ikiwa fremu ya plastiki bado ni nzima na ni katikati tu palipovunjika, hata moto wa kuchomelea huuhitaji. Kata yale meno yaliyovunjika kwa msumeno mdogo, uache fremu. Nunua kipande cha wavu wa chuma wenye macho ya almasi, ule unaotumiwa kwa vizimba na ngazi, uwe mwepesi na macho yake yawe mapana kiasi cha kidole kupita. Ukate kwa mkasi wa bati uzidi fremu kwa sentimita mbili kila upande, ukunje kingo zake nyuma, uufunge kwa bolti ndogo. Kazi hii mtu huifanya nyumbani chini ya mwembe. Kwa pikapu nyingi za mkulima hii yatosha kabisa.

Ikiwa grili yote imepotea, anza na kadibodi. Usianze na chuma. Chukua boksi la sabuni, ulikate mpaka liingie katika nafasi ya grili sawasawa, kisha utie alama mahali palipo na matundu ya bolti za kiwandani. Tumia matundu hayo hayo. Usitoboe mapya katika kile chuma kibebacho rejeta. Nimeona keekee ya umeme ikipita chuma na kuingia rejetani, na mwenye gari akageuka mnunuzi wa rejeta siku ileile aliyotaka kuokoa bei ya grili. Pima pia kwa nyuma: kati ya grili na kitu cha kwanza kilicho ndani, kiwe ni rejeta au ile kondensa ya hewa baridi, pabaki sentimita tano angalau, maana grili hutikisika barabarani. Na kabla hujamwachia fundi kadibodi yako, hakikisha mkono wako unafika kwenye kufuli la boneti. Wako watu ambao sasa hufungua grili nzima kila watakapo kupima oili.

Kwa fremu, chuma bapa hicho hicho cha milimita 25 kwa 3 kinatosha, na vya katikati visimame kwa ukingo kama tulivyosema. Kuvilaza au kuvisimamisha wima ni shauri la macho yako. Vya kulala huhitaji kimoja cha wima katikati ili visicheze. Mabomba ya mraba hayana faida hapa, ni mazito na ni mapana. Fundi ashikize kwanza kwa nukta ndogo ndogo, akiruka huku na huku, kisha ndipo ajaze. Akijaza upande mmoja wote mara moja, joto litaipinda grili kama jani, na haitaingia tena katika nafasi yake. Kwa chuma chembamba namna hii, waya wa kuchomelea wa milimita 2.5 unafaa.

Kazi ya kuchomelea ifanywe mbali na gari. Ikiwa hakuna budi kuchomelea kitu juu ya gari lenyewe, betri ifunguliwe kwanza nyaya zote mbili. Magari ya sasa yana kompyuta ya injini, na umeme wa kuchomelea unaweza kuiua pamoja na altaneta katika nukta moja.

Hapa lazima tuseme neno juu ya afya ya fundi, maana huyo fundi mara nyingi ni kijana wako mwenyewe. Miwani ya jua haitoshi kwa moto wa umeme. Inatakiwa ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Asiyeitumia ataamka usiku akihisi macho yamejaa mchanga, na akirudia miaka mingi macho yataharibika kabisa. Watoto wapendao kutazama ile nuru waondolewe. Na chuma chenye ngozi ya zinki, kile cheupe cha mabomba ya maji, kikichomwa hutoa moshi uletao homa, kutetemeka na maumivu ya kifua. Mafundi wetu hunywa maziwa wakiamini yataosha moshi ule. Maziwa ni chakula kizuri na tungependa kila mtu anywe zaidi, lakini huingia tumboni, na moshi umeingia mapafuni. Dawa ni kuisugua zinki kwanza mahali pa kuunga, kufanyia kazi mahali penye upepo na kukaa upande upepo utokako. Afadhali zaidi ni kutumia chuma cheusi cha kawaida.

Ukimaliza, gonga magamba yote, piga msasa, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, iache ikauke, halafu rangi ya juu mara mbili. Katika kila bolti weka kipande cha mpira kilichokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli. Mpira huo huzuia kelele na kuzuia chuma kisile plastiki.

Watu wa kando ya ziwa huuliza juu ya wavu mwembamba wa nyuma ya grili, kwa sababu ya wale wadudu wadogo wa ziwani watokao kwa makundi kama moshi, hasa nyakati za mwezi mchanga. Na watu wa Awendo na Uriri huuliza habari hiyo hiyo kwa ajili ya majani makavu ya miwa yaangukayo kutoka katika trela. Ni kweli takataka hizi huziba rejeta kuliko vumbi. Lakini wavu mwembamba nao huzuia hewa, na ukijaa wadudu huwa kama blanketi. Ukiuweka, uwe wa kuchomoka kwa mkono, uupanguse kila jioni. Ukisahau siku mbili ni heri usingeuweka. Rejeta yenyewe ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia.

Juu ya sheria sina maneno mengi. Namba ya mbele isomeke wazi, na taa zisifunikwe na chuma chochote. Gari la biashara huenda kukaguliwa na NTSA, ile mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na ncha za mikuki zitakuletea maswali pale.

Jaribio la mwisho usilifanye mbele ya karakana. Tia mzigo wako wa kawaida, uende saa saba mchana kwenye mpando mrefu ulio karibu nawe, ukitazama mshale wa joto. Ukisimama mahali pale pale ulipozoea kusimama, umefanya kazi nzuri. Ukipanda, rudi nyumbani taratibu, ondoa chuma kimoja baada ya kingine ujaribu tena.

Ile kadibodi ya kipimo usiiwashie moto. Iandike jina la gari na mwaka wake kwa kalamu nene, uitundike ghalani. Jirani mwenye gari kama lako atakuja kuiazima.